Tone Si Tundu: Kusaka na Kuziba Mvujo Kwenye Gari la Kulala

Novemba ile mvua ilinyesha hapa Cardiff, Wales, siku tisa bila kukatika. Siku ya saba niliingia kwenye gari letu la kulala kuchukua blanketi, nikaweka kiganja juu ya godoro la kitanda kilicho juu ya kabini ya dereva. Kiganja kikatoka kimelowa. Nikawasha tochi. Kwenye kona ya kushoto, pale ukuta wa mbele unapokutana na ubao wa kitanda, tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye kichwa cha skurubu. Likanenepa, likavutika, likaanguka. Nilihesabu hadi arobaini na moja ndipo la pili likafuata.

Gari lenyewe ni Fiat Ducato ya 2001: kabini na chesisi za Fiat, na nyuma yake nyumba nzima ya mbao, plaiwudi na bati la alumini, yenye vitanda vinne, jiko, choo na friji. Mimi na mke wangu tulilinunua mwaka 2019, na likizo zote za wanetu wawili zimepita humo. Karakana niliyoipelekea picha iliniambia pauni 2,400. Kazi niliimaliza mwenyewe kwa pauni 140 na majuma kumi na moja, na mengi ya majuma hayo yalikuwa ya kungoja mbao zikauke.

Kabla ya kugusa chochote nilimpigia simu baba. Baba ni fundi wa majahazi, Matondoni, kisiwani Lamu, na hajawahi kuliona gari la namna hii ila kwenye picha.

"Salaam aleikum, baba."

"Waleikum salaam, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Umeona tone, au umeona tundu?"

"Nimeona tone."

"Basi hujaona kitu bado. Maji huingilia tezi, nyuma ya chombo, ukayakuta omo, mbele."

Ndiyo maana sikupanda ngazi na bomba la silikoni kupaka juu ya kona ile. Aliyekuwa na gari kabla yetu alipaka; nilikuja kukuta matabaka matatu, jeupe, la kijivu na jeusi, na chini yake mbao imeoza. Ukipaka juu bila kujua tundu liko wapi, maji yanaendelea kuingia kwingine na sasa hayana pa kutokea. Yanakaa ukutani, yanakula mbao.

Kwanza ujue ni maji gani

Gari la kulala lina maji ya aina tatu: ya mvua, ya jasho na ya tangi. Andika kwenye daftari kwa juma moja: leo kumelowa wapi, mvua ilinyesha au la, kuna aliyelala humo au la, pampu iliwashwa au la.

Jasho huwadanganya watu wengi. Mkilala wawili mmefunga madirisha, na jioni mmepika, mvuke wote huo huenda kugeuka maji kwenye ukuta ulio baridi zaidi, hasa nyuma ya godoro ambako hewa haipiti. Kulitambua ni rahisi. Kausha sehemu yenye unyevu kwa kitambaa, ubandike juu yake kipande cha nailoni angavu cha ukubwa wa kiganja, tepu pande zote nne. Kesho yake tazama. Umande ukiwa upande unaokutazama, hilo ni jasho la chumba. Inua godoro, acha dirisha wazi kidogo, basi. Umande ukiwa nyuma ya nailoni, umetoka ndani ya ukuta.

Wangu ulikuwa nyuma, na gari lilikuwa halijalaliwa tangu Septemba. Mvua, basi.

Ukuta umejengwaje

Ukiuelewa ukuta utaelewa kwa nini tone husafiri. Nje kuna bati jembamba la alumini. Ndani kuna plaiwudi ya milimita 3 iliyopambwa kwa karatasi. Katikati kuna povu jeupe la kuzuia baridi, na fremu ya vipande vya mbao vilivyolala na vilivyosimama. Bati la ukuta linapokutana na bati la paa, kiungo hufunikwa kwa ukanda wa alumini uliopigwa skurubu kila sentimita chache, na chini ya ukanda huo kuna masitiki, yaani dawa laini ya kuzibia viungo. Masitiki ndiyo inayozuia maji. Bati na skurubu kazi yake ni kuishikilia tu.

Miaka ikipita masitiki hukauka, hunywea, hupasuka. Gari nalo likitembea hujipinda kwenye kila shimo la barabara. Maji hupenya kwa skurubu moja, hufika kwenye kipande cha mbao kilicholala, hukifuata kama mfereji hadi kwenye kona, na hapo ndipo wewe unaliona tone. Kutoka tundu hadi tone kwangu kulikuwa na mita moja na nusu.

Jaribio moja la bure kabisa: badilisha mlalo wa gari. Mtaa wetu unainamia kushoto. Nilipandisha magurudumu ya kushoto kwenye vibao vya kusawazishia, nikangoja mvua ya usiku mmoja. Asubuhi kona ya kushoto ilikuwa kavu na ya kulia ndiyo inadondosha. Hapo nikajua kona zote mbili hazina kosa. Tundu lilikuwa mahali fulani kati yake.

Namba ukutani

Nunua kipima unyevu chenye sindano mbili. Cha pauni 20 kinatosha. Utakichomeka mahali pasipoonekana: pembeni mwa kabati, nyuma ya godoro, ndani ya ukingo wa dirisha. Kwa magari haya mafundi huchukulia kuwa chini ya asilimia 15 ni pazuri, kati ya 15 na 20 ni pa kuangaliwa, juu ya 20 maji yanaingia, na ukifika 30 mbao inaoza au imeshaoza. Usipime penye karatasi ya ukuta yenye metali, namba itaruka bure. Usipime pia asubuhi ya umande.

Mimi nilibandika tepu ya karatasi ukuta mzima wa mbele, mstari baada ya mstari, na kwa nafasi sawasawa nikapima na kuandika namba kwa penseli juu ya tepu. Kazi ya saa moja. Ukirudi nyuma hatua mbili na kutazama, ukuta unakuwa ramani. Kona ya kushoto: 34. Ukielekea kulia mstari wa juu: 29, 31, 36, 41. Kisha ghafla 22, halafu 14, 13, 13. Kilele cha 41 kilikuwa karibu na dari, kulia kidogo ya katikati, mahali pakavu kabisa kwa macho na kwa mkono. Ningetumia macho peke yake nisingepagusa.

Sasa toka nje utazame kuna nini upande wa pili wa namba kubwa. Kwangu kulikuwa na vitu viwili: ukanda wa alumini unaopita juu ya paji la gari, na ile taa ndogo ya juu mbele. Kwako huenda pakawa dirisha la paa, kishikio cha baiskeli, waya wa paneli ya sola, tundu la hewa la friji, au reli ya turubai ya kivuli ubavuni. Chochote kilichotobolewa baada ya gari kutoka kiwandani kishuku kwanza.

Mpira wa maji, kisha sabuni

Mpira wa maji unataka watu wawili na subira. Mmoja ndani na tochi, mwingine nje. Anza chini, upande juu pole pole: dakika kumi kwenye ukingo wa chini wa dirisha, dakika kumi ubavuni, dakika kumi kwenye kona, mwisho paa. Ukianza na paa, maji yatateremka juu ya kila kitu na hutajua lipi limevuja. Maji yatiririke tu. Mashine ya kuoshea kwa nguvu ukiielekeza kwenye kiungo itaingiza maji hata penye uzima.

Mke wangu alikaa ndani, akapiga ukuta mara mbili nilipofika kwenye taa. Hilo lilinitosha kushuku, lakini nilitaka kuona.

Jahazi likishapwelewa mchangani, maji yaliyobaki ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, huanza kutoka nje kwa njia ileile yaliyoingilia. Baba huchutama chini ya ubavu na kipande cha mkaa, akitia alama kila mahali mbao inapotoa machozi. Asiyesubiri kupwa, husema, atapiga kalafati, yaani ataziba nyufa, jahazi zima. Gari la kulala nalo lina kupwa yake: unasukuma hewa kutoka ndani, unatazama nje.

Zima gesi kwenye mtungi na uzime kila kitu chenye moto. Funga madirisha na milango, ziba matundu ya sinki ya kutolea maji kwa vizibo, ziba kwa tepu matundu ya hewa ya kabini, ya paa na ya sakafuni. Kisha elekeza mashine ya kupulizia majani kupitia dirisha moja, pengo lililobaki likifunikwa kwa kadibodi na tepu. Hewa ndani ikijaa, chukua ndoo ya maji yenye sabuni nyingi ya vyombo na sponji, upake nje kila kiungo bila haraka.

Kwenye ukanda wa alumini palitokea vipovu vidogo kwenye skurubu tatu. Lakini chini ya taa ile povu lilifura, likapasuka, likafura tena, kama kaa anapopumua kwenye tope la mikoko. Nilimwita mke wangu aje aone. Majuma mawili ya kulala nikiwaza, na tundu lenyewe ni la kupitisha waya, halizidi upana wa kalamu, na mpira wake wa kuzibia umekauka kama ganda la muhogo.

Jambo moja usilisahau hata kidogo: ukimaliza, bandua tepu yote kwenye matundu ya sakafuni na ya paa. Hayo yamewekwa kwa makusudi ili gesi ikivuja itoke na watu wapate hewa. Mimi niliyahesabu kabla ya kuziba, sita, nikaandika namba hiyo kwenye mkono, nikabandua sita.

Kufungua na kukausha

Fungua nje kwanza. Taa ilitoka kwa skurubu mbili. Ukanda wa alumini una mpira mrefu mwembamba unaoficha skurubu. Uvute, utauona mstari wa vichwa vilivyooza kwa kutu. Skurubu iliyogoma usiilazimishe mpaka kichwa kikatike. Igongegonge kidogo, ipashe moto kwa draya ya nywele, jaribu tena. Draya hiyohiyo hulainisha masitiki kuukuu ili ukanda uachie bila kupindika. Kwangulia kipande cha plastiki, si kisu, maana bati la alumini ni laini na ukilikwaruza umejitafutia mvujo mwingine. Mabaki yafute kwa spiriti nyeupe, kisha kwa spiriti safi inayokauka bila mafuta. Usiguse madirisha na vifuniko vya paa vya plastiki kwa spiriti hizo. Plastiki ile hupasuka mistari midogo midogo na haiponi.

Silikoni kuukuu iondoe yote, hadi chembe ya mwisho. Hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Kuondoa yale matabaka matatu kulinichukua Jumamosi nzima.

Kisha ndani. Nilikata kipande kikubwa cha plaiwudi ya ukuta. Harufu iliyotoka naijua tangu utotoni, harufu ya mbao iliyokaa kwenye maji ya ngama. Mbao ya fremu iliyolala ilikuwa nyeusi urefu wa karibu mita moja; bisibisi ndogo iliingia kama kwenye mkate. Mbao nzima hukataa bisibisi na hutoa mlio mkavu ukiigonga. Nilikata nyeusi yote, na sentimita kumi zaidi kila upande mpaka nikafika kwenye mbao yenye rangi yake.

Halafu unangoja, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nilifunika paji la gari kwa turubai, nikaacha ukuta wazi, nikaweka mashine ya kunyonya unyevu ndani na feni ndogo ikipuliza kwenye shimo usiku na mchana. Moto mkali hapana: gundi inayoshika plaiwudi na povu hulegea, ukuta ukavimba. Kila Jumapili nilipima na kuandika namba mpya chini ya ile ya zamani. 41, 36, 30, 27, 23, 21, 19, 17. Juma la tano mke wangu aliniuliza kama haitoshi, na kwa kweli juu juu palionekana pakavu. Lakini ukifungia 23 ndani ya ukuta, umefungia ugonjwa na mgonjwa pamoja. Ilipofika 15, mwishoni mwa Januari, ndipo nikachonga kipande kipya cha msonobari, nikakiunga kwa gundi ya poliyurethani, nikarudisha povu na plaiwudi.

Kuziba

Kuna masitiki za familia mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya butili, inakuja kama mkanda kwenye roli, na hubaki laini kwa miaka mingi. Hii ni ya kila kitu kinachokandamizwa kwa skurubu na ambacho siku moja kitafunguliwa tena: ukanda wa alumini, fremu za madirisha, taa, fremu ya dirisha la paa. Ya pili hukauka ikawa kama mpira mgumu na ni gundi pia, mfano Sikaflex; hii ni ya viungo vya kudumu na ya kumalizia kingo. Ukifunga ukanda wa alumini kwa ile inayokauka, atakayeufungua baadaye ataupinda.

Baba huchanganya shahamu na chokaa kupata deheni, dawa ya kupaka jahazi, na huikanda mkononi mpaka ilainike, maana ikiwa ngumu haiingii kwenye nyufa. Butili ni vivyo hivyo. Siku niliyoipata isiyo na mvua ilikuwa Februari, nyuzi 9, nikaiweka roli jikoni karibu na jiko tangu asubuhi. Ilipokuja mkononi ilikuwa laini kama unga wa chapati.

Laza mkanda kwenye ukanda wa alumini bila kuuvuta. Ukiuvuta utarudi na kuacha pengo. Ncha zipandane sentimita mbili, na mpandano uwe ubavuni, si juu. Kila tundu la skurubu lizungushie kipande kidogo zaidi. Skurubu nilibadilisha zote, nikaweka za chuma kisichoshika kutu, nene kidogo ili zishike mbao upya, lakini urefu uleule. Skurubu ndefu itatokea ndani kwenye dari. Anza kukaza katikati ukienda kulia na kushoto, zamu zamu, mpaka masitiki ichungulie kwa usawa pande zote mbili. Simama. Kesho yake rudi ukaze tena robo mzunguko, kwa sababu butili huendelea kutawanyika. Ndipo ukate iliyotoka kwa kipande cha plastiki, na urudishe mpira wa kufunika, mpya, maana ule wa zamani hunywea ukaacha ncha zote mbili wazi.

Taa niliifunga na mpira mpya, butili nyuma yake, na waya nikaupitisha ukiwa umepinda kwenda chini kabla ya kupanda kwenye tundu, ili maji yakiufuata yadondoke nje. Chini ya taa niliacha kijipengo kisicho na masitiki. Maji yakiingia kwenye taa yawe na mlango wa kutokea.

Ukipanda paani, panda juu ya ubao mpana wa kugawa uzito, na usipande paa likiwa limelowa.

Kama ni maji ya tangi

Hapa nitakwenda haraka, maana ni rahisi zaidi. Washa pampu, funga mifereji yote, kaa kimya. Pampu ikinguruma yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, kuna mahali shinikizo linatoroka. Zungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungo cha bomba, chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye boila, kwenye pampu yenyewe. Karatasi itakayolowa ndiyo jibu. Viungo vya kusukumiza mara nyingi havijaingia mpaka mwisho: toa bomba, kata ncha iliyokwaruzwa kwa unyoofu, sukuma tena hadi usikie limekaa. Mfereji uliopasuka kwa barafu badilisha mzima.

Na kabla hujalala chini ya gari Januari ukitafuta tundu, tazama boila. Nyingi, zikiwemo za Truma, zina vali inayofunguka yenyewe baridi ikikaribia nyuzi 3 na kumwaga maji yote nje ili zisipasuke. Maji yakimwagika chini ya boila usiku wa baridi, huo si mvujo. Pasha gari moto, funga vali, jaza upya.

Mwezi wa Aprili mvua ilirudi, siku nne na upepo wa kutoka baharini. Usiku wa nne niliingia na tochi na kipima unyevu, nikachomeka sindano palepale pa 41. Ikasoma 13. Tepu sikuibandua, nikaandika 13 chini ya zile nyingine, na tarehe. Oktoba nitapima tena, kabla majani hayajaziba mifereji ya paa.